Alama ya Kijani

Cyril alipokuja kuniomba nijitolee kwa ile Siku ya Nyumba za Zamani, nilimuuliza kwanza kama kutakuwa na chai. Akasema itakuwepo. Nikamuuliza kama kutakuwa na kiti. Akasema anayejitolea husimama mlangoni, awapokee wageni kwa tabasamu. Nikamwambia mwanamke wa umri wangu akisimama mlangoni kutwa, wageni watadhani ni kitu kilichoachwa na Makaburu, waanze kumpiga picha. Akacheka, akaniahidi kiti.

Huyu Cyril ni mtoto wa marehemu Otiende, fundi wa reli. Anafanya kazi benki lakini moyo wake uko kwenye nyumba za zamani, na mtaa wetu hapa Eldoret, ng'ambo ya mto Sosiani, unazo za kutosha. Makaburu walizijenga walipofika na magari yao ya kuvutwa na ng'ombe. Kuta za mawe, mabati mekundu, veranda ndefu, sakafu ya mbao, na sebuleni mahali pa kuotea moto ambapo mbuzi anaweza kulala akanyoosha miguu. Najua kwa sababu wangu alilala hapo msimu mzima wa mvua. Makaburu walipoenda zao, tulizinunua sisi, watu wa reli, walimu na wenye maduka. Mwaka huo wa 2011 Cyril akaona tufungulie watu milango siku moja, wakate tiketi, wazunguke nyumba nne, na pesa iweke taa za barabarani. Kila nyumba iwe na mtu wa kujitolea mwenye beji kifuani, wa kueleza historia na kusema usiguse.

Nyumba ya kwanza ilikuwa yake, ya pili ya daktari mmoja, ya tatu ya mwalimu mstaafu. Ya nne ndiyo alitaka niishike mimi. Ilikuwa nzuri kuliko zote, na ilikuwa imefungwa tangu Januari ya 2008. Ilikuwa ya Mama Mungai.

Jina lake ni Waiyego, lakini mimi kwake nilikuwa Mama Javan na yeye kwangu Mama Mungai. Kati yetu kulikuwa na ua wa michongoma wenye pengo tulilolitoboa kwa kupita. Chumvi ilipita hapo, watoto walipita hapo, na maneno ya watu ndiyo yalipita zaidi. Mumewe, Gichuru, alikuwa na duka la misumari na rangi huko mjini. Baada ya ule uchaguzi wa 2007 makabila yakageukiana, duka likachomwa. Wao wenyewe wakapakiwa kwenye lori na nguo walizovaa, wakapelekwa uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine, halafu Nyahururu kwa binti yao Wamucii. Gichuru alifia huko mwaka uliofuata. Sisi tulisikia akiwa ameshazikwa.

Nyumba haikuchomwa. Vijana walikuja asubuhi moja na dumu la petroli. Mimi nilikuwa nimeshapita pengoni na kuanika nguo zangu zote kwenye kamba ya Mama Mungai, hadi zile za ndani, ambazo ni kubwa kama bendera ya chifu. Wakauliza nyumba ni ya nani. Nikasema ni yangu, na kama hawana kazi wanishikie hili shuka, upepo ni mwingi. Mmoja akaokota kibanio kilichoanguka, akanipa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao. Wakaenda. Sikutoka pale kambani hadi nguo zote zikakauka.

Siku hiyo hiyo wanawake wa mtaa tuliingia na kutoa vitu kabla ya wengine kuvitoa. Hulda, jirani wa upande ule mwingine, aliyeolewa hapa kutoka Cheptiret, akachukua kabati la vioo. Mwingine saa ya ukutani, mwingine viti, mwingine vitanda, na vyombo vya jikoni tukagawana. Tukasema tunaviweka, akirudi atavikuta. Hakurudi. Simu yake ikawa haipatikani, miezi ikapita, na kitu cha mtu kikikaa kwako sana hubadilika sura. Ulikibeba ukiwa mlinzi, sasa ukikirudisha utaonekana mwizi aliyechoka. Basi kila mtu akanyamaza na kabati lake.

Cyril alipata namba mpya ya Mama Mungai kwa dalali. Ndiyo, dalali, nyumba ilikuwa inauzwa. Akampigia, akapewa ruhusa ya kuifungua siku hiyo, na namba akaniachia. Nikangoja atoke, nikapiga.

"Ni mimi Mama Javan," nikasema.

"Mama Javan gani?"

"Wa pengoni. Umepata mwingine huko Nyahururu?"

Akasema wageni waingie tu, waone, kwani siku hiyo hiyo atakuja na mnunuzi, mtu anaitwa Bwana Ouma, watie sahihi hapo hapo. Ouma ataibomoa ajenge fleti.

"Na vitu vyako?" nikauliza.

"Vitu gani, Mama Javan? Si mlishagawana."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Angenitukana ningemjibu, mimi matusi ninayo ya akiba. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikakata simu, nikaacha ugali ukapoa, na mimi si mtu wa kuacha ugali. Kuuza ni haki yake. Lakini aje atie sahihi akijua sisi ni wezi, apande gari, na pengo la ua liwe ukuta wa fleti? Nikasema hapana.

Nikaenda kwa Hulda kwanza. Kabati lilikuwa sebuleni kwake, limefunikwa shuka jeupe kama maiti. Alikuwa hajalitumia hata siku moja, alilipangusa tu. Nilipomwambia Mama Mungai anakuja, akakaa chini.

"Nitamwangalia na macho gani?" akasema. "Na watu wa kwetu Cheptiret ndio waliochoma duka."

Nikamwambia hakuna mtu wa kumwangalia mtu. Wageni wa Cyril hawawezi kukata tiketi waje kuona vyumba vitupu. Vitu vinarudi kupamba nyumba. Ni maonyesho. Hakuna anayerudisha, hakuna anayerudishiwa. Hulda akafikiri, akauliza kama hata Cyril anajua. Nikasema Cyril anajua historia, mambo ya sasa tumsaidie.

Fanicha ilikuwa rahisi, kila mtu alikumbuka alichobeba. Shida ilikuwa vyombo. Hapa kwetu kukiwa na harusi au matanga, sufuria za mtaa wote hutoka, na ili zirudi kwa mwenyewe kila mwanamke ana alama yake. Anaweka rangi pembeni, karibu na ukingo, ambapo moto haufiki, na kwa sahani na vikombe anaweka chini. Mimi yangu ni mistari miwili myeupe. Hulda ni nyekundu ya kucha. Mama Mungai alikuwa kijani, kwa sababu mumewe alikuwa na mkebe wa rangi ya kijani uliobaki baada ya kupaka lango. Nikawaambia wake wa vijana, hawa walioolewa hapa juzi ambao hata Mama Mungai hawamjui, wapite mtaani kote, na kila chombo watakachokuta na alama ya kijani wakilete.

Walifanya kazi nzuri. Waliifanya kupita kiasi, lakini hilo sikulijua. Jumamosi ya siku yenyewe niliamkia sakafu, niliipaka nta hadi nikaona meno yangu ndani yake, yale yaliyobaki. Jikoni wale wasichana walikuwa wamefunga mlango wakipanga, wakaniambia nisijali, wameleta kila kitu. Nikawaamini. Nikavaa beji, nikaketi kwenye kiti changu mlangoni.

Wageni walikuja wengi. Cyril alikuwa amenipa karatasi ya maelezo, nikaisoma hadi ilipoisha, halafu wakaanza maswali yasiyo kwenye karatasi. Kijana mmoja wa chuo akataka kujua kama mzimu wa Kaburu bado unaishi humu. Nikamwambia unaishi, lakini Jumamosi huwa unaenda Soy sokoni. Mama mmoja akauliza kwa nini beseni la kuogea lina miguu. Nikamwambia Kaburu alipenda kuoga nje jua likitoka, halafu beseni likarudi ndani lenyewe. Akaandika. Cyril alipopita akanitazama kwa jicho la kamati, nikamwonyesha tabasamu aliloagiza.

Karibu na saa sita gari kubwa likasimama langoni. Akashuka mwanamume mnene wa suti, mkoba kwapani, na nyuma yake Mama Mungai. Alikuwa amepungua. Kitambaa cha kichwa alikifunga vilevile, fundo kushoto.

Bwana Ouma akaja moja kwa moja kwenye ngazi. Nikamwambia mstari unaanzia langoni. Akasema yeye si mgeni, yeye ndiye mnunuzi. Nikamwambia hata mnunuzi ana viatu, na viatu haviingii kwenye sakafu hii. Watu kwenye mstari wakacheka. Akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatoka kutusalimia. Tangu hapo hakuna aliyemwogopa tena, akarudi nyuma ya mstari akichechemea kwenye kokoto.

Mama Mungai akanisogelea. Mikono yangu ilitaka kumkumbatia lakini nikaikalia.

"Unanidai tiketi nyumbani kwangu?" akauliza.

"Mwenye nyumba haulizwi tiketi," nikamwambia. "Anayekuja kuuza ndiye anakata. Sasa wewe uniambie umekuja kama nani."

Akafungua pochi. Akaangalia ndani yake kama aliyesahau anatafuta nini. Akaifunga, akavua viatu, akaviweka pale alipokuwa akiviweka siku zote, nyuma ya mlango, akaingia.

Nikaacha kiti changu nikamfuata. Sebuleni alisimama. Saa ilikuwa ukutani ikienda. Viti vilikuwa mahali pake na vile vitambaa alivyofuma mwenyewe, vimefuliwa na kutiwa wanga vikakauka kama biskuti. Na kabati la vioo, glasi ndani zimepangwa. Hulda alikuwa amejificha nyuma ya pazia, lakini Hulda ni mwanamke mkubwa na pazia lilikuwa la kawaida. Mama Mungai akanyoosha mkono kwenye kabati. Mdomo wangu, uliokuwa umezoea kutoka asubuhi, ukamwambia usiguse.

Akanigeukia. Nilidhani atacheka au atalia. Hakufanya hata moja. Akauliza tu jikoni kuna nini.

Nikafungua mlango wa jikoni, na mimi mwenyewe nikashika ukuta.

Kulikuwa na mlima. Sufuria juu ya sufuria hadi dirishani, zile za kupikia watu wanne na zile za kupikia kanisa zima, ambazo mtoto anaweza kuogea. Makarai. Sahani kama za shule. Miiko mirefu kama kasia. Kila kitu kina alama ya kijani, na wale wasichana wamesimama kando wakingoja kusifiwa.

Mama Mungai akautazama mlima kutoka sakafuni hadi dirishani.

"Mama Javan," akasema polepole, "kwani mimi nilikuwa na hoteli?"

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, mlango wa nyuma ukagongwa na Selpha akaingia na aproni yake, jasho limemtoka. Selpha ndiye mkubwa wa akina mama wa kanisa. Siku hiyo kulikuwa na harusi. Mchele umeshaoshwa, nyama imekatwa, moto unawaka, na stoo ya kanisa haina hata sufuria moja. Alikuwa amezunguka mtaa mzima akidhani zimeibwa. Akauona mlima, akauona uso wangu, akaelewa nani wa kuuliza.

Ndipo mambo yakafunuka. Mwaka ule tulipohamisha vitu, mkebe wa rangi ya kijani ulienda kwa Selpha. Kanisa liliponunua vyombo, akina mama wakatafuta alama. Mkebe ulikuwepo, rangi ilikuwa bado nzuri, wakapaka. Kwa hiyo vyombo vya kanisa na vya Mama Mungai vilikuwa na rangi moja kutoka mkebe mmoja, na wasichana wangu watiifu walikuwa wameibeba stoo nzima ya kanisa, kwa mkokoteni, wakiimba.

Selpha alipomaliza kunisema ndipo akamtambua aliyesimama kando yangu. Sote tukawa tunatazama sakafu niliyoipaka nta.

Mama Mungai ndiye aliyesogea. Akakunja sketi, akaketi chini, akavuta sufuria ya kwanza. "Tutenganishe," akasema. "Harusi ya watu haingoji."

Selpha akauliza atazijuaje. Mama Mungai akatuambia tuangalie alama. Za kanisa zilipakwa kwa brashi, zina mkia. "Gichuru alikuwa na duka zima la brashi na hakuwahi kutumia hata moja nyumbani," akasema. "Alichovya kidole gumba."

Akainua sufuria ndogo ya chai. Karibu na ukingo kulikuwa na doa la kijani la mviringo, na ukiangalia vizuri unaona mistari ya kidole ndani yake. Akaweka kidole gumba chake juu ya doa, akakiacha hapo.

Pazia la sebuleni likasogea na Hulda akatokea. Akaja akaketi chini karibu naye, akavuta karai akaligeuza.

"Kabati nililiweka kwangu," akasema bila kuinua macho.

"Nimeliona."

"Glasi moja ilivunjika."

"Ni ile yenye ufa?"

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo hata mimi nilikuwa nangoja ivunjike," Mama Mungai akasema, na akamsukuma Hulda kwa bega. Hulda akaanza kulia, halafu akacheka, halafu akafanya yote mawili huku akipanga sahani.

Wageni nao walikuwa wamejaa mlangoni. Kwa vile wamelipa, walidhani ni sehemu ya ziara. Yule kijana wa chuo akauliza hii desturi ni ya mwaka gani. Cyril akafika mbio akaona jiko la Kaburu limekuwa soko, akafungua mdomo. Nikamkanyaga. Benki huwa zinafundisha watu kuelewa haraka. Akawageukia wageni akawaeleza kwa sauti ya beji kwamba wanashuhudia namna vyombo vya mtaa vinavyotambuliwa, na picha zinaruhusiwa.

Za kanisa zikaanza kutoka kwenda kwenye pikapu ya Selpha, na mikono ikapungua. Bwana Ouma alikuwa amefika mbele ya mstari na soksi zake. Nikampa sufuria moja ile ya kuogea mtoto. Alitaka kusema kitu kuhusu mkoba. Nikamwambia mkoba unaenea vizuri ndani ya sufuria. Akabeba, na kusema kweli alibeba vizuri, mtu ana mgongo.

Selpha akahesabu kwa macho, akatikisa kichwa. Wageni wa harusi walikuwa wameongezeka, hata hizo zote hazingetosha. Akasema atajua la kufanya, akaanza kuondoka.

"Chukua na zangu," Mama Mungai akasema.

Selpha akasimama. Sote tukasimama.

"Lakini zitachanganyika tena. Rangi ni moja," akaendelea. Akanitazama. "Mama Javan, huna rangi nyingine?"

Nilipita pengoni mbio ambazo daktari amenikataza, nikarudi na chupa ya rangi ya kucha ya mkewe Javan, ya zambarau, mtoto yule ana macho ya ajabu. Mama Mungai akajimwagia kwenye kidole gumba. Akachukua ile sufuria ya chai akagandamiza, doa la zambarau kando ya doa la kijani. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Hulda alizipuliza zikauke.

Bwana Ouma alikuwa amerudi kuchukua nyingine. Akasimama mlangoni akimwangalia mwanamke anayeweka alama mpya kwenye vyombo vya nyumba anayotaka kuuza. Si mjinga.

"Mama," akasema kwa heshima, "sasa mambo yetu tutatia sahihi saa ngapi?"

"Sufuria zikirudi," Mama Mungai akasema.

"Zitarudi leo?"

Wanawake wote jikoni tukacheka pamoja. Ouma akaelewa kwamba kwenye kucheka huko hakuna leo. Akauliza harusi yenyewe iko mbali. Selpha akamwambia ni hapo tu kanisani, na mtu aliyebeba sufuria hafukuzwi kwenye pilau. Alikula sahani mbili na Mama Mungai ndiye aliyempakulia.

Vitanda vilikuwa vyumbani, shuka tulikuwa tumeshatandika kwa ajili ya maonyesho. Usiku huo Mama Mungai akalala kwake. Kesho yake sufuria zikarudi, zimesuguliwa zinang'aa, akazipanga mwenyewe nikimtazama kutoka kwenye kiti nilichosahau kumrudishia Cyril. Alipofika mwisho akazipitia tena. Kulikuwa na upungufu wa kifuniko kimoja.

Akaniuliza. Nikasema sijakiona. Hulda hakukiona. Selpha aliapa hakipo kanisani. Mama Mungai akatuangalia mmoja mmoja, akasema haya, atakingoja, hawezi kuuza nyumba na kifuniko chake kiko nje. Akampigia Wamucii amletee nguo zake zilizobaki Nyahururu.

Taa za barabarani zimewekwa, na pale mbele ya lango lake iko moja. Cyril anapanga ziara nyingine na ananiomba nisome karatasi tu. Bwana Ouma alipata shamba barabara ya Turbo akajenga fleti zake huko, lakini kila akipita mjini huingia kunywa chai. Huvua viatu bila kuambiwa, na soksi sasa ni nzima. Huuliza kifuniko kimepatikana.

"Bado," Mama Mungai humjibu, akimimina chai kutoka sufuria yenye madoa mawili. "Watu wa mtaa huu unawajua."